Insulini Kifuani, Mzigo Kichwani

Kama wiki hii umeambiwa una kisukari, na bado ni kijana, na hujui uanzie wapi kulia, sogea kidogo kwenye benchi nikae nikusimulie. Mimi nilishalia nikamaliza. Shule niliishia kidato cha nne, na matokeo yenyewe tuyaache, kwa hiyo sikuandikii kwa sababu najua mengi. Nakuandikia kwa sababu benchi la kliniki ni refu, na mtu akikaa pale peke yake anaona kama amekaa mwisho wa dunia. Siyo mwisho. Ukipita ule mlango wa pembeni kuna choo, na mbele kidogo kuna mama anauza maandazi ambayo huruhusiwi.

Jina langu Godlisten, nyumbani wananiita Godi. Kwetu ni Kirua Vunjo, juu huko ambako migomba imezificha nyumba. Naishi na mama yangu, ambaye anauza maziwa, na bibi mzaa baba. Baba alitutoka nikiwa bado sijaanza shule. Kazi yangu ilikuwa kubeba mizigo ya wageni mlimani. Sisi wabebaji tunaitana wagumu, na tukipishana njiani tunasalimiana, "Poleni wagumu!" Lakini ndoto yangu ilikuwa nije niwe kiongozi wa msafara, yule anayetembea mbele na fimbo, anayewaambia wageni waende polepole na wageni wanamtii kama mchungaji. Nilikuwa nikimkatia ng'ombe majani huku namweleza kwa Kiingereza jinsi mlima ulivyolipuka zamani. Ng'ombe alikuwa msikilizaji mzuri. Hakuwahi hata siku moja kuniuliza choo kiko wapi.

Ugonjwa ulinianza msimu wa wageni wengi, wakati kule chini Moshi vumbi limejaa na juu kumekauka. Ulianza na kiu. Nilikunywa kila kijito tulichovuka, wenzangu wakaniita Tenki. Halafu kukaja kukojoa kila mara, halafu suruali ikaanza kunivuka, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda, na jingine. Miguu ikawa inaishiwa nguvu kwenye vilima ambavyo zamani nilivipanda nikiimba. Nikishuka nyumbani bibi ananitazama, anatikisa kichwa. Kwetu mtu akikonda analishwa. Bibi akanipikia mtori wa ndizi na nyama uliokolea, akaninunulia soda ya kuongeza damu, akanikorogea na ile glukosi ya unga ya dukani. Kadiri alivyonilisha ndivyo nilivyokauka. Alikuwa ananipenda kwa kijiko kikubwa, maskini, naye hakujua anachokipakua.

Nilianguka kwenye geti la kupandia mlima, kwenye foleni ya kupima mizigo. Kiongozi wetu anaitwa Living, mtu mrefu mwenye sauti ya tarumbeta, ndiye aliyeninyanyua. Nakumbuka akisema, "Huyu ukimweka kwenye mzani anapita bila kupunguza kitu." Wengine wakacheka, halafu hawakucheka tena. Yaliyofuata yananijia kwa vipande: gari, harufu ya dripu, midomo imepasuka, mama amekaa kwenye kiti cha plastiki ameshika kandambili zangu mapajani kana kwamba ndizo zinazoumwa.

Wodini daktari aliniambia kwa upole kwamba nina kisukari, kile cha kuchoma sindano maisha yote. Akamwambia mama kazi nzito ziachwe kwanza. Mama akasikia ziachwe milele. Mimi sikusikia kitu, nilikuwa nauangalia mlima dirishani. Siku ile ulikuwa umejitokeza wote, bila wingu.

Basi ndipo nikaanza kuijua kliniki ya Alhamisi. Mara ya kwanza nilienda na mama na bibi, maana bibi aligoma kubaki. Benchi lilikuwa limejaa wazee watupu. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama akaniuliza, "Kijana, umemleta nani?"

"Nimejileta, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Pole. Wewe umewahi sana, sisi wengine tulingoja mvi."

Tulipoitwa, ndani alikuwepo kaka mmoja mfupi, amevaa sare nyeupe, mikono imekunjwa vizuri. Bibi akamnyooshea mkono. "Hujambo, dokta?"

"Sijambo bibi, shikamoo. Ila mimi siyo daktari. Ni muuguzi, naitwa Isaya."

"Muuguzi mwanaume." Bibi akamgeukia mama. "Basi tukae, tumngoje dokta."

"Daktari yupo, bibi, na akihitajika nitamwita. Kliniki hii tunaiendesha sisi wauguzi. Godi atakuwa ananiona mimi."

Bibi akanong'ona kwa mama, mnong'ono ambao hata yule babu wa kofia aliusikia kule nje, "Wametupa msaidizi."

Simlaumu. Bibi alizaa watoto wake enzi ambazo nesi alikuwa mtu wa kuamrisha: panda kitandani, geuka, nyamaza, hukuyajua haya wakati unayatafuta? Nesi alishika sindano na bakuli, dokta akipita nesi anasimama ukutani. Bibi hakuwahi kumwona muuguzi akivuta kiti na kukaa. Isaya alivuta kiti, akakaa, magoti yake yakakaribia kugusana na yangu, akauliza swali ambalo tangu nianguke hakuna aliyeniuliza.

"Godi, kabla ya haya yote ulikuwa unataka kuwa nani?"

Mama akajibu, "Alikuwa mbebaji mlimani, lakini walishasema basi."

"Samahani mama, nimemuuliza yeye."

Nikasema nilitaka kuwa kiongozi wa msafara. Nikasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba kuazimwa kitu. Nilitegemea acheke. Isaya alitoka Iringa, mlima wetu aliuona tu kwa dirisha kama mgonjwa mwingine yeyote. Akafikiri kidogo.

"Sikuambii ndiyo," akasema. "Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha sukari yako imeendaje kwa miezi mitatu. Ukijichoma vizuri, ukala vizuri, kipimo kikaja kizuri, mimi na wewe tunakwenda kuongea na daktari habari za mlima. Kikija kibaya, hatuongei. Umeelewa?"

Nilielewa. Ulikuwa mtihani, na safari hii nilitaka kufaulu hadi nikaogopa.

Alinifundisha kuchoma sindano kwa kutumia ndizi mbivu. Bibi akashika mdomo. "Ndizi inachomwa sindano! Haki nimeishi nikaona." Baada ya ndizi nikahamia tumboni kwangu mwenyewe, Isaya akiangalia pembeni makusudi ili nisione aibu. Halafu akaniambia dawa ikae mahali pa baridi, akatufundisha chungu: chungu kikubwa, ndani yake kidogo, katikati mchanga uliolowa. Bibi akachangamka. Chungu anakijua. Njiani kurudi akasema, "Yule msaidizi ana akili."

Mvua za vuli zikanikuta nimeanza kurudi. Macho yaliyokuwa na ukungu yakatakata. Mashavu yakarudi, tena bibi akawa anayabana kila asubuhi kuhakikisha ni ya kweli. Vidole vikawa na alama za vitobo kama vya mshonaji asiyevaa kastabini kidoleni. Nikawa napima sukari, natuma namba kwa simu, Isaya anajibu wakati mwingine kwa maneno, wakati mwingine anapiga: punguza kidogo jioni, kula kwanza ndipo ukate majani, hapana Godi, ndizi za kuchoma nne siyo kitafunwa. Nikimpigia picha ya sahani anaisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Kuna siku alinijibu, "Nyama naiona, mchicha umejificha wapi?"

Basi baba yangu mdogo, Eliamini, anayeishi Dar, akasikia habari ya chungu akaona aibu. Akatuma friji yake ya zamani kwa lori. Ilipofika jirani wote walikuja kuiona. Mama akaifuta na kitambaa cha Jumapili, akaweka chupa za insulini pale juu kabisa, chini ya kile kichumba cha barafu, mahali pa heshima. Chungu cha bibi kikatolewa nje, kuku akapata kiota.

Wewe uliyezaliwa kwetu unajua Desemba ilivyo. Wote wanarudi. Magari ya Dar yanapanda kule migombani yamejaa matandiko na watoto wanaolia baridi. Mbuzi wanachinjwa, na safari hii tulikuwa na friji, kwa hiyo nyama ya ukoo mzima ikaletwa kwetu. Baba mdogo akaikagua, akaona baridi haitoshi, akakizungusha kitufe cha kuongeza baridi mpaka mwisho. Hakuna aliyemwona. Na kama tungemwona tungemshukuru.

Sukari yangu ikaanza kupanda. Nikipima asubuhi iko juu, mchana iko juu zaidi. Kiu ikarudi, miguu ikawa mizito. Nilikula mchicha wangu na kipande cha nyama wakati wenzangu wanakunywa soda na wazee wanazungusha pombe ya mbege, nikiwa nameza mate tu. Nikajichoma kama nilivyofundishwa. Bado ilipanda. Baba mdogo alikuwa amekaa na sahani yake, akanitazama jinsi ninavyokunywa maji.

"Kijana," akasema mbele ya watu, "sukari haipandi yenyewe. Sema ukweli tukusaidie."

"Baba mdogo, sijagusa kitu."

"Mimi pia niliwahi kuwa kijana."

Watu wakacheka kidogo, siyo kwa ubaya. Lakini mama hakucheka. Kuanzia siku ile akaficha kopo la sukari chumbani kwake. Nikitoka kanisani ananisogelea kama anataka kuniweka sawa kola, kumbe ananinusa mdomo kama nimekunywa soda au mbege. Sindano nilizizoea ndugu yangu, hata haziumi tena. Ile ya kunuswa na mama yako iliuma. Bibi peke yake alisema, "Mtoto huyu hadanganyi, akidanganya masikio yanamcheza." Hakuna aliyemsikiliza, walidhani ni mapenzi ya bibi tu.

Nikawa nimeacha kutuma namba. Niliona haya kutuma namba zile. Kosa hilo usilirudie wewe: namba mbaya ndiyo ya kutuma kwanza.

Januari watu walipoondoka, nikashuka kliniki kwenye kipimo changu cha miezi mitatu. Mama alinisindikiza, hatukuongea njia nzima. Isaya akaangalia majibu, akayaangalia tena. Kipimo kilikuwa kibaya kuliko nilivyoogopa.

"Unajichoma?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku, kaka Isaya."

Mama akasema, "Tumwambie ukweli, Godi."

Nilingoja anifokee. Hakunifokea. Alinipima mkojo, akamwita daktari, dada kijana mwenye miwani, wakaongea wote wawili mbele yangu, siyo pembeni. Wakakubaliana nikae pale benchi mpaka mchana. Isaya akanichoma dozi yangu ileile, ila kutoka chupa yao. Tukakaa. Mama ameangalia ukuta, mimi nimeangalia viatu. Yule babu wa kofia ya pama alikuwepo, akatupasulia parachichi lake, akasema hilo halina neno. Isaya akawa anatoka kila mara kunitoboa kidole, na namba ikawa inashuka taratibu, kama mgeni aliyechoka anavyoshuka kutoka juu.

Mara ya mwisho aliitazama mashine, akacheka peke yake. Akamgeukia mama. "Dozi ileile, mama, tumbo lilelile. Ya kwetu imemshusha. Mwanao hajadanganya. Kuna kitu kwenye chupa yenu, na kesho nakuja kukiona."

Mama alinishika mkono, akaushikilia mpaka tulipofika nyumbani, mbele za watu, mtu mzima mimi na ndevu zangu.

Isaya alikuja kesho yake kwa bodaboda, mavumbi mpaka kwenye kope. Bibi alikuwa uani anamenya ndizi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Dokta umemwacha wapi?"

"Nimekuja mwenyewe, bibi. Ila tumeongea naye asubuhi, anakusalimu."

Hakuanza na mimi. Alianza na jiko, akafunua sufuria. Akauliza nakata majani saa gani, nalala wapi, sindano naziweka wapi. Halafu akafungua friji. Akakiona kitufe kimezungushwa mpaka mwisho. Akatoa chupa yangu, akaizungusha viganjani taratibu, akaipeleka dirishani.

"Mama, wewe unauza maziwa. Njoo uniambie unaona nini."

Mama akachungulia. Ndani ya chupa kulikuwa na chembechembe nyeupe zimeganda kwenye kioo. "Yamekatika haya," akasema. Halafu akasema tena, polepole, "Isaya, yamekatika haya."

"Iliganda ikawa barafu, ikayeyuka, ikaganda tena. Insulini ikishaganda mara moja imekufa. Godi alikuwa anajichoma maji tu."

Mimi zile chembe nilikuwa nimeziona. Nilidhani ndivyo dawa inavyokuwa ikipigwa baridi. Mama akakaa kwenye kigoda cha kukamulia, akajifunika uso na khanga. "Na mimi nilikuwa namnusa," akasema. "Namnusa mtoto wangu kama mlevi."

Isaya akachuchumaa mbele yake. "Mama, na mimi nina fungu langu. Niliwaambia mahali pa baridi. Sikuwaambia baridi kiasi gani. Nilikuwa nafikiria chungu, sikufikiria friji. Kuanzia sasa kila nitakayemfundisha nitamuuliza nyumbani kuna nini, ndipo niseme."

Tukasikia kelele nje, kuku analalamika. Bibi akaingia amebeba chungu chake, majani ya kiota bado yananing'inia, akakitua juu ya meza puu. "Hiki," akasema, "hakina kitufe."

Tulicheka mpaka Isaya akafuta macho kwa kiganja. Akanywa mtori. Alipoondoka bibi alimfungia mkungu mdogo wa ndizi kwenye pikipiki, akamshukuru kwa Kichaga, "Aika sana, muuguzi." Ilikuwa mara ya kwanza amwite jina lake la kazi.

Mama alikumbuka ni baba mdogo aliyelalamika Desemba kwamba baridi ya friji haitoshi, akataka kumpigia simu papo hapo, na maneno aliyokuwa ameyaandaa sitayaandika. Kabla hajaondoka Isaya alimwomba angoje mpaka kesho. Akangoja. Alipompigia alishapoa, akamweleza tu. Baba mdogo akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?" Pasaka akapanda kutoka Dar. Hakuingia ndani. Alisimama uani ameshika jani la isale, lile tunaloshika sisi tukiomba msamaha, na mtu akikushikia isale huwezi kumkatalia. Kwa kawaida mdogo ndiye anamletea mkubwa. Mimi nikaona haya, nikataka kukimbilia migombani. Bibi akanisukuma mgongoni. "Pokea. Unataka mkono umfe ganzi?" Nikapokea. Baba mdogo akanivuta kifuani na jani katikati yetu, akanukia marashi na jasho la safari, akasema tu, "Umenenepa." Kwangu ilitosha.

Masika ile mvua ilinyesha kana kwamba mbingu imepasuliwa. Mlima haukuonekana. Kazi mlimani zilikuwa chache hata kwa wazima, kwa hiyo sikuwaonea wivu. Nilijichoma, nilipima, nilituma namba zote, nzuri na mbaya. Niliendelea kumwongelesha ng'ombe. Na mvua zilipokatika, baridi ya katikati ya mwaka ilipoanza kushuka, kipimo changu kikaja.

Isaya alikuwa amegeuza karatasi chini, hanionyeshi. "Unadhani?"

"Kaka, usinifanyie hivyo."

Akaigeuza. Sikuelewa namba, nilielewa uso wake.

Alitimiza ahadi, tukaenda kwa daktari. Yule dada wa miwani alimwuliza Isaya, "Wewe unaonaje? Wewe ndiye unamjua." Isaya akaeleza yote: njia ya Marangu yenye vibanda vya kulala, mzigo mwepesi wa mhudumu wa meza, dozi ipungue siku za kupanda, vipimo vya mara kwa mara. Daktari akauliza maswali magumu, mengine Isaya hakuwa na jibu, wakatafuta pamoja. Mwisho akasema, "Mpaka Kibo kwenye vibanda. Kileleni hapana, kwa sasa. Ukishuka salama, tunaongea upya." Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka ni daktari, nikakumbatia mlango.

Kikabaki kikwazo kimoja, Living. "Mimi nabeba wageni," alisema. "Siwezi kubeba mgonjwa." Basi Isaya akapanda Marangu siku yake ya mapumziko, akatukuta uani kwa Living tunapanga vyakula na masufuria. Muuguzi wa hospitali, amekaa juu ya debe, anawafundisha wagumu kupima sukari! Akawaeleza dalili ikishuka: anatetemeka, anatoka jasho, anaongea visivyoeleweka.

Mpishi wetu akanyoosha mkono. "Huyu kila siku anaongea visivyoeleweka. Tutajuaje?"

"Ukiwa na wasiwasi mpe soda," Isaya akasema. "Akibisha mpe soda. Akizimia usimmiminie kitu mdomoni, mshusheni mkiwa mnanipigia."

Living alikuwa amekunja mikono. "Kwa hiyo ni mgonjwa."

"Ni mtu mwenye ratiba, kiongozi. Kama wewe na wageni wako."

Living akakuna kidevu. "Haya. Ila nikisema ashuke, anashuka."

Mama alinishonea mfuko ndani ya fulana, upande wa kifua, wa kitambaa cha sweta langu la shule ya msingi. Kule juu baridi inafanya kazi ileile ya kitufe cha friji, kwa hiyo dawa ingekaa mwilini mwangu mchana kutwa na kulala nami. Akaufunga na kifungo, akaujaribu, akaufunga tena.

Nikapanda. Sitakudanganya, sikuwa na furaha kama nilivyoota. Living alinifanya yai. Kila kona, "Uko sawa?" Kila daraja, "Kaa kidogo." Msituni, kabla ya kufika vibanda vya Mandara, alinivua mzigo akambebesha mwenzangu, ambaye tayari alikuwa na wake. Jamaa wakaanza kuniita Mgeni. "Mgeni, chai yako na maziwa au bila?" Walikuwa wanatania, nami nilicheka, lakini nilikuwa najiuliza kama hivi ndivyo itakavyokuwa, niwe mzigo unaotembea na miguu yake.

Asubuhi kwenye vibanda vya Horombo kulikuwa na ukoko wa barafu kwenye nyasi. Mashine ya sukari ikagoma, ikaonyesha alama ya baridi. Nikaiweka kwapani, nikatembea huku na huku kama kuku anayeatamia, mpishi akiniimbia. Ilipokubali, namba ilikuwa chini. Mikono ilishaanza kutetemeka. Nikanywa soda, nikala mkate, nikakaa juu ya jiwe, nikangoja, nikapima tena. Imepanda vizuri. Nikala uji, nikapunguza dozi kama tulivyopanga. Mtandao ulikuwepo, nikamwandikia Isaya yote. Akajibu: "Nimeona. Umefanya sawasawa. Mbona kama unaniuliza?"

Nikausoma mara nyingi ule ujumbe. Nikamfuata Living, nikamwambia, "Kiongozi, naomba mzigo wangu." Akasema, "Chukua." Nikauweka kichwani.

Ule uwanda kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo hauna mti wala kichaka, upepo tu na wewe. Nilitembea polepole, chupa ikiwa na joto kifuani, ubongo ukihesabu chakula badala ya hatua. Nikafika vibandani na wenzangu, siyo mbele, siyo nyuma. Nikapima. Nikala. Nikapiga magoti nyuma ya jiko kumsaidia mpishi kuliwasha, na maji ya kule juu yanachelewa sana kuchemka. Wageni wakaingia mmoja mmoja, pua nyekundu, wakajitupa kwenye viti. Mimi bado nahangaika na jiko.

"Wewe Godi!" Tarumbeta ya Living ikapasua kibanda kizima. "Wageni wamefika, chai iko wapi? Unadhani umekuja kutalii hapa?"

Wenzangu jikoni wakamtazama yeye, wakanitazama mimi. Hakuuliza kama niko sawa. Hakukumbuka kabisa kwamba nina kisukari. Alikuwa amesimama mlangoni amekasirika kama anavyomkasirikia mbebaji yeyote mzembe, na katika maisha yangu sijawahi kufokewa nikafurahi namna ile.

"Inakuja, kiongozi!" nikajibu, nikanyakua birika, nikatoka nalo mbio, kwa mbio zile zinazowezekana kule juu.